Mama Nitarudi: Miaka Thelathini na Moja, na Safari Moja Bado

Leo, Jumanne tarehe 4 Julai, tumekutana kumuaga mkufunzi mkuu wa warsha za kazi za kipato wa kituo chetu, aliyestaafu rasmi tarehe 30 Juni baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa. Hizo siku tisa nimeziweka makusudi, maana nisingeziweka angeniuliza zimekwenda wapi. Kwenye barua za ofisi ana jina refu na cheo kirefu zaidi. Huko vijijini, kwa wafugaji, wafinyanzi, wasusi wa mikeka na warina asali, anaitwa Mama Nitarudi, na hilo ndilo jina nitakalolitumia.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, dereva. Najua wapo waliokunja nyuso, hasa pale mapokezi, wakauliza dereva na kalamu wapi na wapi. Mkuu wa Kituo aliwajibu kwamba wengine wote wamefanya kazi na Mama, ila dereva ndiye aliyekaa naye. Ni kweli kabisa. Kwa miaka ishirini na sita amekaa kiti cha pembeni yangu akimenya karanga na kudondosha maganda kwenye zulia la gari, akiniita mwanangu ilhali amenizidi miaka mitatu tu, na akinihakikishia kwamba tunakokwenda ni hapo mbele tu. Sijawahi kumpeleka mahali ambako kwake si hapo mbele tu. Hapo mbele tu pamewahi kutuchukua siku mbili na tairi tatu.

Anayewasomea haya ni Mkuu wa Kituo, kwa kuwa mimi simo ukumbini. Nina udhuru, na Mama aache kunitafuta kwa macho. Atulie kwenye kiti chake, pembeni ya mumewe, asikilize habari zake.

Nianze na namba mbili. Kwa mujibu wa masjala, Mama ameendesha warsha mia mbili na kumi na moja. Kwa mujibu wa daftari la safari, langu na la dereva aliyenitangulia, amefanya ziara za kurudi mia mbili na kumi. Kuna warsha moja ambayo hajairudia. Pengo hilo la moja limemkosesha raha tangu Aprili, na karibu kila nitakachosema leo kinalihusu.

Alianza kazi akiwa mkufunzi msaidizi, maana yake alibeba makaratasi ya wakubwa na kushika ncha ya pili ya futi. Warsha yake ya kwanza kabisa sikuishuhudia, lakini amenisimulia mara nyingi mpaka siku hizi namsahihisha anapokosea. Kituo kilipeleka mizinga ishirini ya kisasa kwa jamii ya warina asali wa msitu wa juu, watu waliokuwa wakirina asali kabla kituo hiki hakijawa hata wazo. Mizinga yenyewe ilikuwa masanduku mazuri ya mbao, yamepakwa rangi ya mafuta ya kijani iliyokuwa bado inanuka. Ilipangwa mstari mmoja ulionyooka, kwenye uwanja mtupu kando ya barabara, ili wageni wakipita wapige picha bila kushuka garini. Kwa siku tatu warina asali wakafundishwa habari za nyuki. Walisikiliza, wakaandika, wakapiga makofi, wakapokea vyeti. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba nyuki wa msitu ule hawaingii kwenye sanduku linalonuka rangi, wala hawakai mahali pa upepo. Hawakuulizwa. Na watu wenye adabu zao hawamkatizi mgeni aliyetoka mbali, hasa akionekana bado ana mengi ya kusema.

Wakubwa walirudi ofisini wakaandika kwamba mradi umefana. Mama, kwa udadisi wake tu, aliomba lifti kwenye lori la mbao baada ya miezi mitatu akaenda kuona. Mizinga tisa ilikuwa na kuku wanaotaga. Mingine ilihifadhi mbegu, viatu, na mmoja ulikuwa mlangoni pa bafu na sabuni na taulo zake. Na katika nyumba ya mwanamke mmoja kijana, mzinga uliondolewa mfuniko, ukatandikwa shuka, na ndani yake alikuwa amelala kichanga wa kike wa mwezi mmoja, ametulia tuli. Mama alicheka mpaka akakaa chini, na mwenye mtoto naye akacheka. Siku hiyo ndipo watu walipomweleza yote ambayo hawakuulizwa, akaandika mpaka kalamu ikakauka wino.

Kosa lake lilikuwa ripoti, na hata yeye hulitaja hivyo. Aliandika ukurasa mmoja wa ukweli mtupu, kuku, viatu na mtoto, akidhani ofisi itacheka kama alivyocheka yeye kisha ijirekebishe. Wakubwa wa wakati ule hawakuwa watu wa kucheka. Walipeleka lori, mizinga yote ishirini ikakusanywa hadharani, na wenyeji wakasemwa kwa maneno makali kwamba wamechezea mali waliyopewa. Mama alilazimishwa kwenda nao ili aonyeshe nyumba. Kichanga alitolewa kwenye mzinga, akawekwa mikononi mwa mama yake, na mzinga ukapakiwa. Mama alimwambia yule mwanamke neno moja tu, kwamba atarudi.

Sasa niwaeleze lile sanduku la kijani lililokaa chini ya meza ya Mama miaka yote hii. Hakuna mtu katika kituo hiki ambaye hajawahi kuligonga kwa ugoko. Wahasibu wamelilaani, msafishaji ameomba mara kumi ruhusa ya kulitupa, na jibu la Mama limekuwa lile lile, kwamba lina mwenyewe. Ndilo hilo. Mizinga ile ilipotupwa kwenye vitu chakavu, yeye aliuchukua mmoja, ule aliolalia kichanga, akaufuta vumbi, akauweka miguuni pake.

Kutokana na aibu ya lori lile akajitungia utaratibu ambao ofisi iliupinga kwa miaka minne kabla ya kuukubali na kuuita wa kwake. Siku ya kwanza ya warsha Mama hafundishi. Makaratasi yanabaki yamekunjwa garini, yeye anakaa chini na kuwaomba wenyeji wamfundishe kazi yao, na anaifanya kwa mikono yake, vibaya, mbele ya watoto wanaomcheka. Cheti hakitolewi siku ya mwisho. Siku ya mwisho yeye hunyoosha vidole vitatu na kusema nitarudi, kisha baada ya miezi mitatu kamili, tarehe ile ile, hurudi na vyeti mkobani. Anayekutwa bado anafanya kazi anapata. Aliyekwama anakaa naye mpaka wajue amekwama wapi. Nami agizo langu ni kupiga honi tatu fupi tukiwa bado mbali, kwa sababu yeye haendi kumfumania mtu.

Honi hizo zilituletea kichekesho kwa washonaji wa bondeni. Tulipopiga ya tatu, nyumba nzima ya cherehani ikaanza kuunguruma kwa pamoja. Mimi nilifurahi, nikadhani kazi imepamba moto. Mama alisimama nje ya dirisha, akainamisha kichwa, akasema pale hakuna kinachoshonwa. Tukaingia, na kweli, wanawake kumi na wanne walikuwa wanakanyaga cherehani tupu kwa nguvu zote, jasho linawatoka, wala uzi haupo. Sindano zilikuwa zimevunjika zamani, duka la kuuza sindano halikuwepo kokote karibu, na wote waliona haya kusema. Mama hakumgombeza mtu. Alijigombeza mwenyewe, kwa kufundisha kushona bila kufundisha pa kupata sindano, na tangu siku hiyo hakuna warsha inayofungwa kabla washiriki hawajasema kwa majina ni wapi watanunua vipuri. Mkufunzi wetu wa ushonaji, ambaye leo ndiye anayerithi kiti cha Mama, alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Muulizeni miguu ilivyomuuma.

Si kwamba Mama hakosei. Ile warsha ya sabuni kwa wafugaji siwezi kuiacha, kwa kuwa mwenye doa ni mimi. Alichanganya magadi makali na mafuta kwa kipimo alichokikumbuka vibaya, na sabuni ikagoma kuganda. Ilikaa kwenye ndoo siku mbili kama uji. Wafugaji, kwa ukarimu wao, wakaona isiharibike bure, wakaniosha gari. Rangi ya mlango wa kushoto ikatoka na ile sabuni, na mpaka leo kuna doa jeupe hapo lenye ukubwa wa sahani. Kila fundi aliyetaka kulipaka rangi Mama amemzuia. Anasema ni cheti chake. Wafugaji wale, baada ya kupimiwa upya na kwa usahihi, sasa wanauza sabuni kwenye shule na zahanati zote za upande ule, na kipande cha kila pishi jipya hunifikia mimi, nadhani kwa kuniomba radhi.

Ningeweza kuendelea. Kuna wafinyanzi waliojenga tanuri la pili, na wasusi waliomtoa dalali mlangoni na kuuza mikeka yao wenyewe. Kuna bwana mmoja mfuga kuku ambaye Mama alimnyima cheti mara mbili, na mara ya tatu akakipokea huku analia, kisha akakitundika bandani, kuku wakione. Lakini katika furaha zote hizo, kila tulipopita njiapanda ya kwenda msitu wa juu, Mama aliacha kumenya karanga. Kila mwaka aliwaandikia warina asali akiomba kwenda. Kila mwaka lilikuja jibu la mstari mmoja, la heshima zote, kwamba wameshafundishwa na wanashukuru. Barua hizo thelathini anazo, na nadhani sote tunajua anaziweka ndani ya sanduku gani.

Januari mwaka huu mwanamke mmoja aliingia mapokezi akaomba kuonana na yule mama aliyecheka. Mapokezi walimwambia hapa kila mtu anacheka. Mimi nilikuwa nasubiri funguo, na nywele zikanisimama, kwa sababu hadithi ile naijua. Nilimpeleka mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha warina asali, na huko kwao wanamwita Binti Mzinga, kwa sababu ndiye yule kichanga aliyelala kwenye sanduku. Alikuja na sharti. Siku mbili wafundishe wao, nasi tukae chini. Siku ya tatu tuwafundishe wasichokijua, yaani kuchuja asali kwa chujio safi, kuijaza kwenye chupa, kubandika lebo na kuipeleka ikapimwe ubora, ili wanunuzi wa mjini waache kuwapunja kwa kisingizio kwamba ni chafu. Mama aliitikia kila neno. Nilimwona akilisukuma lile sanduku kwa kisigino, liingie ndani zaidi. Baadaye aliniambia kwamba hawezi kulikabidhi ofisini kama kifurushi, wakati lilichukuliwa nyumbani mwa watu.

Warsha ikafanyika Aprili, na haijawahi kutokea nyingine kama hiyo. Mkufunzi mkuu wa kituo alining'inia kwenye kamba ya mti akiwa na buti na moshi wa majani machoni, anafundishwa kupumua polepole na watu wenye umri wa wanawe. Mimi niliumwa na nyuki sikio na nikapewa sifa kwa kutokimbia. Sikuwaambia kwamba miguu ilikataa. Siku ya tatu chupa ishirini na nne za kwanza zilipangwa juani, na warina asali wakazizunguka wakizitazama kama vile si wao waliozijaza.

Kisha Mama akanyoosha vidole vitatu na kusema nitarudi. Ilikuwa tarehe 4 Aprili. Mama yake Binti Mzinga, yule mwanamke kijana wa siku ya lori ambaye sasa ana mvi, akasema kwa upole kwamba neno hilo aliwahi kuambiwa. Hakusema kwa ubaya. Ila Mama alivikunja vidole vyake, na nikajua anahesabu. Aprili, Mei, Juni, Julai. Tarehe 4 Julai atakuwa amestaafu siku nne. Njia nzima ya kurudi hakumenya hata karanga moja, na zulia langu halijawahi kuwa safi kiasi kile. Sikulifurahia.

Aliandika kuomba siku nne. Afisa Utumishi alijibu kwa mistari miwili kwamba mtumishi aliyestaafu hapangiwi safari ya kikazi. Mama hakubishana. Aliandaa vyeti ishirini na vinne vya warina asali, akavitia sahihi, akaviweka kwenye bahasha na kumkabidhi mrithi wake, pamoja na maelezo ya njia. Ijumaa alipofungua ofisi kuhamisha vitu vyake na kukuta sanduku la kijani halipo, nilimwambia stoo wamelichukua kulihesabu. Alikisukuma kiti chake taratibu mpaka pale sanduku lilipokuwa, akabeba vitu vyake. Afadhali angenigombeza. Nimedanganya mara chache katika kazi hii, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Haya, Mama. Sasa ndiyo nieleze.

Umelalamika wiki nzima kwamba sherehe ya kukuaga imesogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumanne, ukaambiwa ukumbi unapakwa rangi. Umegusa ukuta ulipoingia, nakujua, na rangi haikunata mkononi kwa sababu hakuna aliyepaka. Umeuliza ni sherehe gani inaanza saa mbili asubuhi na haina chakula kwenye ratiba. Umeshangaa kwa nini wenzako wote, hadi wahasibu, wamekuja na viatu vya kutembelea. Tazama miguu ya Afisa Utumishi. Huyo huyo aliyekuandikia mistari miwili ndiye aliyekaa na kanuni siku tatu mpaka akapata upenyo. Mstaafu hapangiwi safari ya kikazi, sawa. Safari ya leo imepangiwa mrithi wako. Lakini hakuna kanuni inayozuia gari la kituo kumbeba mgeni aliyealikwa na wenyeji, na barua ya wenyeji anayo Mkuu wa Kituo mkononi, nyuma ya karatasi hii. Imeandikwa na Binti Mzinga. Anasema kikundi kimejaza chupa mia tatu na arobaini, asali imepimwa na imefaulu, na vyeti hawatavipokea kutoka mkono mwingine wowote. Mwisho ameongeza kwamba amejifungua salama mtoto wa kike, ana wiki tatu, na bado hana pa kulala panapoeleweka.

Leo ni tarehe 4 Julai, miezi mitatu kamili. Sanduku halikwenda stoo. Mumeo amelisugua, amegonga misumari iliyolegea, amelitandika shuka jipya, na limefungwa kamba mbili nyuma ya gari ili lisicheze. Barua zako thelathini amezitoa na kukuwekea kabatini. Basi la kukodi limebeba chakula na litatufuata na hawa wenzako, kwa sababu keki tutaikata huko.

Kwa niaba ya kituo kizima, asante kwa miaka yote uliyotufundisha kuuliza kabla ya kufundisha, na kurudi baada ya kuondoka. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wasumbufu na mzee wa nyumbani mwenye subira. Maisha yako ya kustaafu yawe mema, na yaanze kesho. Leo bado una kazi.

Mimi niko nje, mbele ya mlango mkubwa, na injini inaunguruma. Buti zako ziko nyuma ya kiti. Karanga nimeziweka mahali pake, na maganda dondosha unavyotaka. Honi tatu nitazipiga tukianza kuona moshi wa nyumba zao. Simama, Mama, twende. Ni hapo mbele tu.